Kwa Nini Mtoto Hukonda Penye Chakula? Utapiamlo Mkali Mjini Unguja
Mtu atokaye Mji Mkongwe wa Zanzibar, akavuka Darajani, akayapita majumba marefu ya Michenzani na kuendelea upande wa mashariki, hatimaye hufika Amani. Wengi hulijua jina hili kwa sababu ya uwanja wa michezo uliojengwa kwa msaada wa China mwaka 1970, ambao ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023. Lakini Amani si uwanja peke yake. Ni mtaa wa mafundi, wachuuzi, makarani na vibarua, wenye karakana na viwanda vidogo, na nyumba zilizosongamana. Na jirani yake, huko Sebleni, kuna mabonde ambayo wakati wa masika hutuama maji kwa siku nyingi. Chakula hakikosekani machoni. Mchele umo madukani, boflo hupatikana kila asubuhi, muhogo na ndizi zimejaa masokoni, na bahari haiko mbali.

Hata hivyo, katika kliniki za mjini Unguja huletwa watoto wa mwaka mmoja au miwili ambao mkono wao umekuwa mwembamba kiasi cha kuzungukwa na vidole viwili vya mtu mzima, au ambao miguu yao imevimba na kung'aa huku nyuso zao zimenuna na hawataki hata kuchezeshwa. Hawa hawatoki katika nchi ya ukame wala ya vita. Wengine hutoka katika nyumba ambamo ndugu zao wana afya njema. Makala haya yanajaribu kueleza jambo hilo hutokeaje.

Kwanza hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtoto anayekosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu, tangu tumboni mwa mama yake, hubaki mfupi kuliko umri wake. Hali hiyo huitwa udumavu. Ukimtazama bila kuujua umri wake waweza kudhani ni mzima kabisa, ila tu ni mdogo. Mtoto anayepoteza nyama ya mwili katika muda wa wiki chache, kwa njaa au kwa ugonjwa au kwa vyote viwili, huwa mwembamba kuliko urefu wake unavyotaka. Huo ndio ukondefu, na ndio tunaouita utapiamlo mkali. Udumavu ni kumbukumbu ya miaka iliyopita. Ukondefu ni habari ya mwezi huu. Wa kwanza hupunguza uwezo wa mtu katika maisha yake yote, na wa pili huweza kuua kabla ya masika kwisha. Imekadiriwa kwamba mtoto aliyekonda vibaya yumo katika hatari ya kufa ipatayo mara 11 ya ile ya mwenziwe aliyelishwa vyema. Duniani kote, katika mwaka 2022, watoto wapatao milioni 45 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamekonda.

Tarakimu za nchi yetu zina jambo la kushangaza. Katika uchunguzi wa lishe wa taifa wa mwaka 2018, karibu asilimia 32 ya watoto wote wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 3.5 walikuwa wamekonda. Kwa Zanzibar pekee waliodumaa walikuwa karibu asilimia 22, yaani wachache kuliko wenzao wa Bara, lakini waliokonda walikuwa karibu asilimia 6, yaani wengi zaidi. Chunguzi za mwaka 2010 na za mwaka 2015 hadi 2016 zilionyesha sura iyo hiyo. Basi visiwani watoto ni warefu zaidi na wembamba zaidi. Anayesema kwamba umaskini peke yake ndio chanzo cha utapiamlo hawezi kulieleza jambo hili, kwa maana umaskini ungepaswa kuwazidishia yote mawili.

Vipimo vyenyewe navyo vyafaa kuelezwa, maana mwanafunzi wa sekondari anaweza kuvielewa na hata kuvitumia. Njia ya kwanza ni kupima uzito na urefu wa mtoto na kuulinganisha uzito wake na ule wa watoto wenye afya walio na urefu kama wake. Ni watoto gani hao wenye afya? Kwa miaka mingi walitumiwa watoto wa Marekani, tena wengi wao walionyweshwa maziwa ya chupa, na watu wa nchi nyingine walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa Pemba apimwe kwa mtoto wa Ohio. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani likawapima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Marekani na Omani. Wote walikuwa wakinyonya maziwa ya mama zao na kuishi katika mazingira mema. Ikaonekana kwamba watoto hao, wa rangi na asili mbalimbali, walirefuka karibu kwa kiasi kimoja katika miaka mitano ya mwanzo. Vipimo vipya vilitolewa mwaka 2006. Kwa msomaji wa Unguja si jambo dogo kwamba miongoni mwa watoto waliotumiwa kuwa kipimo cha dunia nzima wamo wa Maskati, mji ambao wazee wetu walisafiri kwenda na kurudi kwa majahazi ya kaskazi na kusi.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi: mkanda. Mkono wa kushoto wa mtoto hupimwa mzunguko wake katikati ya bega na kiwiko. Kati ya umri wa mwaka mmoja na mitano mzunguko huo hubadilika kidogo sana katika mtoto mwenye afya, kwa hiyo kipimo kimoja hutosha. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wenye milimita 125 au zaidi ni salama. Ulio kati ya milimita 115 na 125 ni dalili ya utapiamlo wa kadiri. Na ulio chini ya milimita 115 ni dalili ya utapiamlo mkali sana, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mkanda hauhitaji umeme, wala mizani, wala hesabu, na mama mwenyewe aweza kufundishwa kuutumia.

Lakini kuna mtoto mmoja ambaye mizani humdanganya mpimaji wake. Ni yule aliyevimba. Maji yaliyojaa mwilini humwongezea uzito, mashavu yake huwa ya mviringo, na jirani husifu kwamba amenenepa. Dawa ya udanganyifu huo ni kidole gumba: bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mtoto ni mgonjwa mahututi, hata kama mizani inasema mengine.

Hapa tunafika kwenye majina, na ni lazima nikiri kwamba vitabu vyetu havijakubaliana. Vingine huita ugonjwa wa kuvimba unyafuzi, na vingine huutumia unyafuzi kwa ule wa kukonda. Katika makala haya nitasema kwashakoo kwa ule wa kuvimba, na nyongea kwa ule wa kukonda hadi kubaki ngozi na mifupa. Neno kwashakoo limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa wakati ule, aliueleza ugonjwa huu kitaalamu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina ambalo akina mama wenyewe walilitumia. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake baada ya mwingine kuzaliwa. Williams alikuwa na busara ya kuwasikiliza kina mama, kwa maana ndani ya neno lao tayari kulikuwa na nadharia nzima ya chanzo cha ugonjwa: mimba mpya, ziwa kukatwa ghafla, na uji mwepesi badala ya maziwa.

Waswahili nao wana neno lao, nalo ni kubemenda. Husemwa kwamba mtoto amebemendwa pale anapodhoofika baada ya wazazi wake kutokuwa na subira katika kipindi cha kunyonyesha, au mmoja wao kwenda kwa mtu wa nje. Mwanasayansi akisikia hivyo huwa na haraka ya kucheka. Asicheke. Ndani ya neno hilo mna uangalizi wa kweli: watoto wanaofuatana kwa karibu mno hupata shida, na mzee aliyeyaona hayo miaka mia mbili iliyopita hakuwa mjinga. Ubaya wa kubemenda uko kwingine. Neno hilo linamhukumu mzazi. Mama ambaye mtoto wake amekonda hujua majirani watasema nini, na kwa kuogopa aibu humfunika mtoto kwa kanga, hukwepa siku ya kupima uzito, na huanza kwa dawa za kienyeji. Wiki tatu zinazopotea hivyo ndizo zinazoamua iwapo mtoto atatibiwa nyumbani au atalazwa hospitalini, au iwapo atafika hospitalini akiwa amechelewa. Kwa maoni yangu, mwalimu anayeweza kuwaeleza wanafunzi wake, ambao baada ya miaka michache watakuwa wazazi, kwamba mtoto aliyekonda ni mgonjwa na wala si ushahidi wa zinaa, atakuwa ameokoa maisha ya watoto wengi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kwashakoo husababishwa na upungufu wa protini, na nyongea na upungufu wa chakula chote. Mgawanyo huo ulikuwa mzuri kwa mitihani. Lakini mwaka 1968, C. Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto wa Hyderabad waliopata kwashakoo na waliopata nyongea walikuwa wakila chakula cha namna moja. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba fedha nyingi zilizotumiwa ulimwenguni kutengeneza vyakula vya protini zilikuwa zimepotea bure. Uchunguzi wa pacha wa Malawi uliotangazwa mwaka 2013 ulizidisha fumbo: katika jozi 317 za pacha zilizofuatiliwa hadi umri wa miaka mitatu, zilikuwapo jozi nyingi ambamo pacha mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake, aliyekula chungu kimoja naye, akabaki salama. Watafiti walichukua vijidudu kutoka matumboni mwa pacha wenye kwashakoo wakavipandikiza katika panya, na panya hao walipolishwa chakula kama cha Malawi walipungua uzito sana. Basi tumbo si mfuko mtupu unaopokea chakula. Ni shamba lenye viumbe wake, na shamba likiharibika mbolea peke yake haitoshi.

Na tuangalie sasa mwili unafanya nini chakula kinapopungua. Mwili wa mtoto ni kama nyumba ambayo mapato yake yamekatika: huanza kwa kupunguza matumizi. Akiba ya sukari iliyo katika ini huisha kwa muda wa saa chache. Mafuta huyeyushwa, kisha misuli, na mtoto huacha kucheza, jambo ambalo wazazi wengi hudhani ni utulivu wa tabia. Moyo hupiga kwa udhaifu, figo huchuja polepole, utumbo huwa mwembamba na kushindwa kusharabu chakula. Pampu ndogondogo zilizo katika ngozi ya kila chembe hai, ambazo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, hupunguza kasi kwa sababu zinatumia nguvu nyingi. Matokeo yake sodiamu hujaa ndani na potasiamu hupotea. Hata homa, ambayo ni silaha ya mwili, haiji. Mtoto huyu aweza kuwa na nimonia huku mwili wake ni wa baridi.

Kwa sababu hiyo wema usio na elimu humuua. Mtoto wa namna hii akimiminiwa maji mengi yenye chumvi mishipani moyo wake huzidiwa. Akilishwa mlo mkubwa wenye nyama na mafuta siku ya kwanza, aweza kufa siku ya tatu. Ndiyo maana hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yaliyopunguzwa nguvu, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, pamoja na dawa za kuua vijidudu na kufunikwa ili asipatwe na baridi. Hamu ya chakula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua ndipo anapopewa chakula chenye nguvu zaidi. Maziwa hayo ya mwanzo hayana madini ya chuma kabisa, ingawa karibu watoto wote hawa wana upungufu wa damu, kwa maana katika siku za mwanzo chuma huwanufaisha vijidudu kuliko mgonjwa.

Funzo la chuma, Zanzibar imelichangia dunia kwa gharama. Kisiwani Pemba ulifanywa utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila ya wao wala wapimaji kujua nani amepewa kipi. Ilitarajiwa kwamba chuma kingewasaidia. Badala yake, waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kwa asilimia 12, na sehemu ile ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati. Wakati ule malaria ilikuwa imeenea mno Pemba. Baadaye ilipungua sana visiwani kwa sababu ya vyandarua, dawa mpya na kupuliza majumba. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2004, utafiti mwingine wa Pemba ulionyesha jambo jepesi zaidi na la furaha: watoto wa chini ya miezi 30 waliopewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu walikonda mara chache zaidi kuliko wasiopewa, na hamu yao ya kula iliongezeka. Minyoo kwa mtoto wa umri huo si mzigo wa tumboni tu. Huamsha ulinzi wa mwili, na mwili ulio vitani haupendi kula.

Sasa turudi Amani na tuulize ni watoto gani walio hatarini zaidi. Neno hatari hapa lina maana ya kihesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: tuseme katika watoto 100 wa nyumba zinazotumia maji ya kisima kisichofunikwa 8 wamekonda, na katika watoto 100 wa nyumba za bomba waliokonda ni 4. Hatari ya kundi la kwanza ni mara mbili ya lile la pili. Lakini je, kisima ndicho kilichowakondesha? Huenda wenye kisima pia ndio wenye kipato kidogo, wenye mama waliosoma miaka michache, na waliojenga bondeni. Mtafiti hana budi kuyatenganisha mambo hayo kabla ya kukilaumu kisima, na mwanafunzi anayesoma gazeti asikubali kila sentensi isemayo kwamba jambo fulani linahusiana na jingine kana kwamba limethibitishwa kuwa chanzo.

Umri ndio hatari iliyo wazi kuliko zote. Miezi kati ya 6 na 24 ndiyo yenye msiba. Kabla yake maziwa ya mama hutosha chakula na maji, hata katika joto la mwezi wa Februari, ingawa bibi wengi wa Unguja hawaliamini jambo hili. Sehemu ya watoto wanaonyonya bila kupewa kitu kingine katika miezi sita ya mwanzo imekuwa ndogo Zanzibar kuliko Bara kwa muda mrefu, kwa kuwa mtoto hupewa maji, au uji mwepesi, tangu wiki zake za kwanza. Mimi naona hapa ndipo pa kutafutia sehemu kubwa ya jibu la lile fumbo la ukondefu wa visiwani. Kijiko cha maji ya kisima huingiza vijidudu, vijidudu huleta kuharisha, kuharisha huondoa chakula na hamu ya kula, na mtoto aliyedhoofika huharisha tena kwa urahisi zaidi. Nevin Scrimshaw na wenzake walieleza mwaka 1959 jinsi njaa na maradhi yanavyosaidiana kumwangusha mtoto. Mafuriko ya masika yanapochanganya maji ya vyoo na ya visima katika mitaa ya mabondeni, duara hilo huzunguka kwa kasi. Kipindupindu, ambacho Zanzibar imekipata mara nyingi tangu miaka ya 1970, ni sura yake ya kutisha tu. Kuharisha kwa kawaida, kusikotangazwa redioni, ndiko kunakokondesha wengi zaidi.

Hatari nyingine nitazitaja kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa hazihitaji maelezo marefu: kuzaliwa na uzito pungufu, kuwa pacha, kufuatwa na mdogo kabla ya kutimiza miaka miwili, surua, kifua kikuu ndani ya nyumba, na mama ambaye mwenyewe ni mgonjwa au hana damu ya kutosha.

Hatari ya uji, hata hivyo, inataka tukae kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye kilo zipatazo 10 na ambaye bado ananyonya, anahitaji kupata kilokalori kama 550 kwa siku kutoka katika chakula cha sahani. Tumbo lake hubeba kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani hawezi kuzidisha kikombe kimoja kwa mlo. Uji wa mchele au wa muhogo unaonyweka kwa urahisi huwa na unga kama gramu 10 katika mililita 100, na gramu 10 za unga hutoa kilokalori 35. Kikombe cha mililita 250 basi kina kilokalori zisizofika 90. Ili apate 550 anahitaji zaidi ya vikombe sita. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza maandazi, akamwachia mtoto dada yake wa miaka tisa, humlisha mara tatu. Mtoto ameshiba mara tatu na bado amepata chini ya nusu ya haja yake. Kwa hiyo mama anaposema kwamba mtoto wake anakula na kushiba, anasema kweli. Kipande cha boflo kilichochovywa katika chai ya rangi hakiongezi mengi, na chai yenyewe huzuia mwili kusharabu madini ya chuma. Lakini kijiko kidogo cha mafuta huongeza kilokalori 45, na kijiko cha karanga zilizosagwa kama 60. Vikombe vile vile vitatu sasa vinafika 570 na kupita.

Na dagaa je? Katika pwani za Kama na Mangapwani, magharibi ya Unguja, akina mama huchemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuwaanika juani kwa magunia na magunia. Sehemu kubwa ya dagaa hao huvushwa Bara na kusafirishwa hadi Kongo. Ni biashara halali na imeyasomesha majumba mengi. Lakini ni ajabu kwamba chakula chenye protini, chokaa ya mifupa na chuma kwa bei ndogo kuliko nyama yoyote hukipita kikombe cha mtoto wa Amani kikaenda Lubumbashi. Kijiko kimoja cha dagaa waliooshwa chumvi na kusagwa laini, kikitiwa katika uji, hakimbadilishii mtoto ladha kiasi cha kukataa.

Iringa ilionyesha kwamba mambo haya yaweza kubadilika bila ya kugawa chakula. Kuanzia mwaka 1983 Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF na kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa hadharani, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji: nani amepungua, kwa nini, na kifanywe nini. Katika muda wa miaka mitano sehemu ya watoto wenye uzito wa chini sana ilishuka kutoka kama asilimia 6 hadi kama 2. Fikra iliyozaliwa huko, kwamba nyuma ya chakula na maradhi yapo matunzo, maji na huduma, na nyuma ya hayo yako mapato na madaraka, ilichukuliwa na UNICEF mwaka 1990 na sasa hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Mara nyingi huko ughaibuni hufundishwa bila kutajwa Iringa.

Katika miaka hiyo hiyo A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Dar es Salaam, pamoja na Ulf Svanberg wa Uswidi, walitangaza mwaka 1983 ufumbuzi wa tatizo la uji uliotokana na jiko la nyumbani: kimea. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya wanga ili mmea mchanga upate chakula. Minyororo hiyo mirefu ndiyo inayovimba na kunasa maji, ikaufanya uji kuwa mzito. Ukikatwa, uji hulegea, ingawa chakula kilichomo ni kile kile. Jambo hili lilijaribiwa pia katika kijiji cha Luganga, Iringa. Jina la kimea huwakumbusha wengine pombe, lakini uji huu haukai kuchacha.

Shule yoyote yenye jiko yaweza kulijaribu. Wanafunzi waloweke ulezi kwa siku moja, wauweke katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, wauanike juani, waondoe machipukizi kwa kuusugua, kisha wausage. Wapike uji mzito wa gramu 25 za unga wa mahindi kwa kila mililita 100, ambao kijiko husimama ndani yake. Ukipoa kiasi cha kuvumilika mdomoni, waugawe katika bakuli mbili, na katika moja watie kijiko cha unga wa kimea na kukoroga kwa dakika chache. Kwa kutumia faneli na saa wanaweza kupima muda ambao kila uji unachukua kushuka, na kuandika tofauti yake. Uji huo ukikusudiwa kuliwa urudishwe motoni uchemke, kwa sababu unga wa kimea haujapikwa. Na wasitumie mtama mahali pa ulezi bila kuondoa kabisa machipukizi, kwa maana chipukizi la mtama huwa na sumu ya jamii ile ile iliyomo katika muhogo mchungu.